Nimepewa bei ya sola ya Sh520,000 kwa duka langu la maziwa. Nikubali?

Swali: Nina duka la maziwa Zimmerman, chini ya jengo la ghorofa tano. Nina ATM ya maziwa, friza moja ya kifuniko cha juu, friji ya kioo ya soda na mala, taa nne, na birika la stima la chai. Tokeni zinanimalizia kama Sh9,000 kwa mwezi. Nikinunua ya Sh3,000 napata yuniti 105 hivi. Stima ikipotea usiku, asubuhi nakuta maziwa yameganda. Ndani ya miezi mitatu nimemwaga mara mbili, karibu lita 60 kila mara. Fundi ameniandikia hivi: paneli 6 za wati 550, Sh90,000, inveta ya kilowati 5, Sh85,000, betri 2 za lithiamu za yuniti 5 kila moja, Sh280,000, vyuma, nyaya na kazi, Sh65,000. Jumla Sh520,000. Anasema nitaaga KPLC kabisa na mkopo utajilipa wenyewe. Landilodi hajakubali wala hajakataa. Nifanyeje? *Mama Maziwa, Zimmerman*

Jibu: Mama Maziwa, karatasi hiyo usiitie sahihi ilivyo, ila usiitupe pia. Ndani yake mna mtambo mzuri wa kama Sh205,000, umefunikwa na betri ambazo duka lako bado halizihitaji. Na kwa kweli sola inakufaa wewe kuliko inavyomfaa, tuseme, mwenye saluni. Yeye mzigo wake ni joto la draya, na wateja wake wengi huja jioni. Wako mkubwa ni ubaridi, na ubaridi waweza kuutengeneza mchana jua likiwaka, ukauhifadhi mpaka asubuhi bila betri hata moja. Ushauri wangu wote umeegemea hapo.

Tuanze na risiti yako. Sh3,000 ukigawa kwa yuniti 105 ni Sh28.50 hivi kwa yuniti, pamoja na gharama ya mafuta, tozo na VAT ya asilimia 16. Bei hii ndiyo ya kuhesabia, usihesabu kwa ile bei ya msingi ambayo watu hupenda kuitaja. (Nimechukulia kwamba mita ni ya KPLC. Kama ni mita ndogo ya landilodi, bei anaipanga yeye, na hilo ni la kuzungumza naye kabla hujagusa habari ya sola.) Sh9,000 kwa mwezi ni yuniti 315, yaani kumi na nusu kwa siku.

Sasa zinakwenda wapi? Kwa vifaa ulivyotaja, makadirio yangu ni ATM yuniti tatu na nusu, friji ya kioo tatu, friza mbili, birika moja, na moja iliyobaki ni taa, simu na vidogo vidogo. Lakini usiniamini mimi, iamini mita. Kwa wiki moja, andika yuniti zilizobaki kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Utajua ni ngapi unatumia jua likiwapo na ngapi unatumia likiwa halipo. Fundi anayekuandikia bei bila kuuliza namba hizo mbili anauza vifaa alivyo navyo stoo. Kwa maduka ya aina yako, mara nyingi nusu huenda mchana, nusu jioni na usiku.

Kabla ya paneli kupanda juu, kuna kazi ya bure. Birika liondoe kwenye hesabu, chai ichemke kwa gesi. Yuniti moja kwa siku si neno sana, ila birika hilo linavuta wati 2,000 kwa mkupuo, na ndilo linalomfanya fundi akuandikie inveta kubwa, kile kifaa cha kugeuza stima ya paneli iwe ya kutumia dukani. Friji ya kioo ndiyo mlafi wa duka, kwa kuwa kioo hakizuii joto kama ukuta wa friza. Isogeze mbali na jua la mlangoni, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, kisha bana noti ya shilingi mia kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umekufa. Mpira mpya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na paneli ya kulisha ubaridi unaovuja.

Nairobi iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni la kutosha, na baridi yetu ni faida, maana paneli hupoteza nguvu ikipata joto jingi. Kwa wastani wa mwaka tunapata jua kamili, lenye nguvu kama la adhuhuri, kwa muda wa saa tano hivi kwa siku. Januari hadi Machi linapita hapo. Juni hadi Agosti, ile miezi ya mawingu na sweta, linashuka kuelekea saa nne. Paneli nne za wati 550 ni wati 2,200. Zidisha kwa saa tano, kisha toa robo kwa ajili ya joto, vumbi, nyaya na inveta: unabaki na yuniti nane hivi kwa siku. Julai, sita na nusu.

Linganisha na mchana wako. Ukihamishia mchana kazi yote ya kugandisha na kupoza, utatumia yuniti tano na nusu hivi jua likiwapo. Kwa hiyo paneli nne zinatosha hata Julai, na miezi mingine kuna ziada. Paneli sita zingekupa kumi na mbili, na bila pa kuziweka zingepotea. Ndiyo maana fundi ameongeza betri: betri zinahalalisha paneli, paneli zinahalalisha betri, na wewe unalipia zote.

Hesabu yangu ni hii, kwa bei zake mwenyewe. Paneli nne Sh60,000, inveta ileile Sh85,000, vyuma, nyaya na kazi tuseme Sh60,000. Jumla Sh205,000. Yuniti tano na nusu kwa Sh28.50 ni Sh157 kwa siku, karibu Sh4,700 kwa mwezi. Pesa yako inarudi ndani ya miezi 44, na paneli nzuri zina dhamana ya utendaji ya miaka 25. Inveta ndiyo itakayochoka kwanza, kwa hiyo weka akiba ya kuibadilisha. Ukiweza kumshusha fundi hadi inveta ya kilowati 3, mshushe. Birika likishatoka, hakuna tena cha kuhitaji tano, mradi kompresa zako tatu zisiwake kwa wakati mmoja, maana kila moja ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde moja hivi. Na iwe ya mawimbi safi, yaani itoe stima laini kama ya KPLC. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya kukatakata huunguza kompresa.

Betri moja ya Sh140,000 ingekuongezea nini kwenye bili? Baada ya mchana wako kula tano na nusu, ziada ni yuniti mbili na nusu kwa siku ya kawaida. Hiyo ni kama Sh2,100 kwa mwezi, yaani miezi 65 kuirudisha. Ya pili haitapata cha kuijaza. Ni tangi kubwa lisilo na mfereji. Na mtambo mzima wa Sh520,000, hata kama ungefuta bili yako yote, ungechukua miezi 58. Hautaifuta yote, Julai haitakubali.

Najua utaniambia: na maziwa ninayomwaga? Hilo ni swali zuri, na ndilo fundi alipaswa kuanza nalo. Tuseme unanunua kwa Sh60 lita. Lita 60 mara mbili ni Sh7,200 kwa miezi mitatu, Sh2,400 kwa mwezi. Ukiijumlisha na bili, betri moja inajitetea, inarudi ndani ya miezi 31. Ningekwambia uinunue leo kama kusingekuwa na barafu.

Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka tu bila hata kupata joto, inanyonya joto la kutosha kupoza lita tano na zaidi za maziwa kutoka digrii 20 hadi 4. Lita zako 60 zote zingehitaji kilo 11 hivi. Sasa chukua chupa 20 za plastiki za lita moja, zijaze maji lakini acha nafasi juu, maana maji yakiganda hupanuka, uzipange kwenye friza. Siku mbili tatu za mwanzo friza itahangaika. Baadaye itakuwa inagandisha tu kilichoyeyuka. Kazi hiyo ifanyike kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kwa stima ya jua la mchana. Soketi ya taima ya kuwasha na kuzima kwa saa unaipata Luthuli Avenue bila shida.

Jioni ukifunga, maziwa yaliyobaki yatoe kwenye ATM, yatie kwenye mtungi wa alumini wenye kifuniko, uuweke kwenye sanduku la baridi, chupa za barafu zikiuzunguka pande zote. Chupa zikae nje ya maziwa, usizitumbukize ndani. Yanaingia yakiwa na digrii 4 tayari, kwa hiyo barafu haina kazi ya kuyapoza, ina kazi ya kuzuia joto lisinyemelee, na kilo 20 kwa kazi hiyo ni nyingi. Mala nayo ilale humo humo. Soda haiharibiki, friji ya kioo izime. ATM ukishaiosha, na najua unaiosha kila siku, haina sababu ya kunguruma usiku kucha ikipoza tangi tupu. Fanya hivi kila usiku, stima iwepo isiwepo, kwa sababu stima haikuambii inapotea saa ngapi.

Umeona kilichotokea? Usiku duka limebaki na friza peke yake, nayo ikiwa imejaa barafu na kifuniko kimefungwa, inakaa siku nzima na zaidi bila stima. Wakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, na sehemu nyingi stima ikarudi kesho yake? Kwa matumizi yako ya sasa, betri ya yuniti tano ingekata pumzi ndani ya nusu siku. Barafu ingefika.

Jambo moja kuhusu kuanza bila betri. Hakikisha inveta ni ya mseto, inayoweza kufanya kazi bila betri sasa na kupokea betri baadaye. Ziko ambazo bila betri hazianzi kabisa. Hata inayoanza, stima ikipotea mchana, wingu likipita tu inaweza kuzimika kwa kuwa hakuna kinachoishika. Kwa duka la baridi hilo linavumilika. Kwa saiba yenye kompyuta lisingevumilika. Ukiona baada ya mwaka kwamba bado unapata hasara, ongeza betri moja. Iwe ya lithiamu, ambayo unaweza kuitumia asilimia 80 au 90 ya ujazo wake kwa maelfu ya mizunguko. Zile za asidi ukizivuta chini ya nusu mara kwa mara, unazika pesa.

Kuhusu kuaga KPLC: usiage. Ile ada ya kila mwezi ya mita iliondolewa mwaka 2018, kwa hiyo mita ya tokeni usiyoitumia haikutozi kitu. Wewe unapata gridi, yaani mtandao wa stima wa KPLC, kama akiba ya bure, halafu mtu anakuuzia betri za Sh280,000 ili usiitumie. Na kama amekupamba kwa maneno ya kuokoa mazingira, stima ya Kenya kwa sehemu kubwa tayari inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Ungekuwa unawasha jenereta, ningesema mengine. Jenereta ndogo hutoa kama yuniti mbili kwa lita ya petroli, na kwa petroli ya Sh180 hiyo ni Sh90 kwa yuniti.

Mkopo utajilipa? Inategemea muda na aina ya riba. Chukua Sh205,000 kwenye sacco kwa asilimia moja kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua. Kwa miaka mitatu unalipa karibu Sh6,800 kwa mwezi, na sola inakuokolea Sh4,700, kwa hiyo Sh2,100 zinatoka kwenye mauzo ya maziwa. Kwa miaka mitano ni Sh4,560, hapo ndipo unajilipa, kwa nafasi ndogo sana. Riba ya jumla, ile isiyoangalia salio, uikimbie: asilimia 12 kwa mwaka kwa miaka mitatu ni riba ya Sh73,800, wakati kwa salio linalopungua ingekuwa kama Sh40,000. Tangazo litaandika “asilimia 12” kwa zote mbili. Kama chama chako kinakaribia zamu yako, ningesubiri zamu.

Paa ndilo linaloweza kuvunja mpango wote. Duka lako liko chini, jua liko juu ya ghorofa ya tano, katikati kuna landilodi. Huenda sheria ya wapangaji wa maduka, Cap 301, inakulinda usifukuzwe ovyo, hasa kama mkataba wako hauna maandishi au hauzidi miaka mitano, lakini haikupi paa. Mwandikie barua fupi, naye atie sahihi: paneli na inveta ni mali yako, utaziondoa ukihama, utaziba matundu, na fundi wako ataruhusiwa kupanda. Landilodi wengi hawachukii sola. Wanachochukia ni paa kuvuja. Mwambie vyuma vitakaa juu ya zege kwa uzito bila kutoboa, kama paa ni la zege. Ukimwahidi taa moja ya sola kwenye ngazi, mazungumzo huwa mepesi.

Panda mwenyewe ukaangalie. Tangi la maji linatupa kivuli wapi saa tatu asubuhi, na wapi saa tisa alasiri? Kivuli kikiangukia paneli moja, nguvu ya msururu mzima, yaani paneli zote zilizoungwa pamoja, hushuka. Angalia pia ploti ya jirani. Zimmerman hii, nyumba ya mabati ya leo ni ghorofa sita mwaka ujao, na kama iko upande wa kaskazini, Julai kivuli chake kinaweza kukufikia, kwa kuwa miezi hiyo jua linapita kaskazini. Paneli zilazwe digrii 10 hadi 15 zikielekea kaskazini. Mlalo huo ni wa kusaidia mvua kuosha vumbi kuliko kitu kingine. Paneli nne zikiungwa kwa msururu hufikia volti 200 za mkondo wa moja kwa moja, na watoto wa jengo wanaanika nguo huko juu. Nyaya zipite ndani ya mabomba, breka iwepo juu na chini, waya wa ardhi usikosekane. Bolti ziwe za kutofunguka kwa spana ya kawaida, nawe ukae vizuri na keateka.

Kwa fundi mwenyewe, mwombe leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Daraja linalohusu mitambo inayochanganya sola na gridi ni T3. Majina ya wenye leseni unaweza kuyatafuta kwa EPRA. Asiyekuwa nayo anaweza kuwa na mkono mzuri, ila duka likiungua bima itauliza karatasi. Mwambie pia inveta iwekwe isirudishe stima kwenye gridi. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa kuirudishia KPLC stima ya ziada ili ikupunguzie bili, na kanuni zake zikatoka 2024, lakini ziada yako ni ndogo, na baadhi ya mita za tokeni huhesabu stima inayorudi kama uliyotumia. Ungejikuta unanunua jua lako mwenyewe.

Paneli zikifika, zipime kwa futi kabla hazijapanda. Paneli ya kweli ya wati 550 ni ya urefu wa mita 2.2 na ushee, upana wa mita 1.1 hivi, uzito wa kilo 27 au 28. Ukiletewa ya ukubwa wa meza ya kahawa ina kibandiko cha 550, irudi River Road ilikotoka.

Malipo yagawe: sehemu vifaa vikifika, sehemu kazi ikiisha, na kama robo ibaki. Robo hiyo ilipe baada ya wiki moja, ukiwa umesoma mita tena saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni kama ulivyofanya mwanzo. Kama yuniti za mchana bado zinashuka kwa zaidi ya moja siku yenye jua, kuna kitu hakijaunganishwa sawa, na fundi atarudi haraka akijua robo yake unayo wewe.